Umbo la tagi, safari ya Shelisheli: jibu kwa mzee wa Mtongwe

Msomaji mmoja wa Mtongwe, Mombasa, mstaafu wa bandari, ametuletea mchoro wa boti anayotaka kuundiwa. Urefu wake ni mita 12, umbo ni la tagi, boti ya kuvuta meli, kama zile alizozitazama miaka yote Kilindini, nyumba ni ya ghorofa mbili, na juu kabisa kuna paa la kukaa wageni jioni. Anataka yeye na mkewe wafike Lamu, Pemba, Unguja na Ngazija, na Mungu akijaalia wafike Mahé, Shelisheli. Ameshapata injini ya lori, nguvu za farasi 200, kwa bei ya kirafiki. Anauliza kama injini hiyo inafaa, aweke mafuta kiasi gani, aunde kwa chuma, mbao au faiba, na kama boti itatulia baharini, maana mkewe hushikwa na kigegezi hata kwenye feri ya Likoni.

Mzee wangu, mchoro wako nimeukalia vizuri. Injini iache. Mafuta weka lita 2,600. Mwili uwe wa chuma na nyumba iwe ya mbao. Ghorofa ya pili ifute kabisa. Nitakueleza sababu zake, na utaona kwamba ukigusa moja unagusa zote.

Nianze na umbo, kwa kuwa ndilo lililokuteka. Tagi ya bandarini imeundwa kwa kazi ya kuvuta na kusukuma meli. Ni fupi, pana, nzito, na tumboni ina maelfu ya nguvu za farasi. Inachoma mafuta mengi kwa saa chache kisha inarudi gatini, hapo hapo ilipotoka. Safari ya mbali si kazi yake. Hata hivyo ina mambo ya kuigwa: omo (mbele ya boti) lililoinuka, chumba cha usukani chenye kuona pande zote, sitaha ya nyuma iliyo karibu na maji, ukingo imara wa kumzuia mtu asianguke, dafrau (kinga ya kugongana) la kuzunguka mwili mzima, na rafadha (panga la kusukuma boti) kubwa inayozunguka polepole. Hayo yachukue.

Boti za starehe zenye sura ya tagi si jambo geni. Marekani walitoa Nordic Tug 26 mwaka 1980, mchoro wa Lynn Senour, na tangu hapo sura hiyo imepata wapenzi wengi. Lakini boti nyingi za ukoo huo zina sehemu ya chini iliyolala bapa kuelekea tezi, yaani nyuma, ili zikitiwa injini kubwa zikimbie kuliko urefu wao unavyoruhusu. Kwa maji yaliyojikinga hiyo ni sawa. Kwa masafa yako nenda kwa ukoo mwingine, ule wa Robert Beebe, afisa mstaafu wa jeshi la majini la Marekani, ambaye boti yake Passagemaker ya futi 50 iliundwa Singapore mwaka 1963 ikavuka Bahari ya Hindi hadi Ugiriki kwa mwendo wa taratibu. Chini iwe ya mviringo, tezi ipande juu polepole ili maji yaachane na chombo bila kuburutwa. Juu ya mstari wa maji livalishe sura ya tagi upendavyo.

Sasa hesabu. Swali la kwanza ni kipande gani cha safari ni kirefu kuliko vyote kabla hujakuta mafuta tena. Kutoka Mombasa kwenda Unguja ni kama maili 130 za baharini. Moroni, kule Ngazija, ni kama 500. Mahé ni kama 945, na katikati ni maji matupu. Mahé utapata mafuta, lakini mimi hupiga hesabu ya kwenda na kurudi, ili nahodha asiwe mateka wa pampu moja.

Boti inayopasua maji bila kupanda juu yake ina mwisho wa kasi, na mwisho huo hutokana na urefu wake kwenye mstari wa maji. Chukua urefu huo kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.43, utapata noti, yaani maili za baharini kwa saa. Yako ina mita 11 majini, kwa hiyo mwisho wake ni noti 8. Ukilazimisha zaidi, boti inaanza kupanda wimbi lake yenyewe na mafuta yanageuka povu.

Ikiwa na tani 16, matangi yakiwa nusu, naikadiria hivi: kwa noti 6.5 itataka nguvu za farasi 36 hivi kwenye shafti na itakunywa kama lita 7 kwa saa, yaani lita 1.1 kwa maili. Kwa noti 7.5 itataka farasi 57, na kila maili itakula lita 1.5. Noti moja tu, na umeongeza zaidi ya theluthi ya mafuta. Kwa noti 6.5 utafika Mahé kwa siku 6. Kwa noti 7.5 utafika kwa siku 5 na robo. Umewahi saa 19, umechoma lita 380 zaidi, na kule hakuna mtu anayekushikia saa. Basi panga noti 6.5: maili 1,890 kwenda na kurudi ni karibu lita 2,080, ongeza robo ya akiba, unafika 2,600.

Hiyo robo usiiguse ukidhani ni ya kujifariji. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi, upepo wa kusini, hupata nguvu zaidi. Ukishuka Unguja ukakutana na mkondo wa noti 2, boti yako ya noti 6.5 inabaki na 4.5 juu ya ardhi. Safari ya saa 20 imekuwa ya saa 29, na injini haikujua tofauti, imekunywa vile vile. Ndiyo maana wazee wa majahazi walisubiri maleleji, kipindi kati ya misimu ya pepo. Kwa Mahé mimi ningeondoka Novemba, au Machi kuingia Aprili kabla kusi halijashika, kwa sababu kuanzia Juni hadi Agosti utapokea mawimbi ya kusini-mashariki kwenye shavu la omo siku zote sita.

Kuhusu injini ya lori. Dizeli haipendi kuzembea. Injini ya farasi 200 ukiifanyisha kazi ya farasi 36 haipati joto lake, mafuta hayaungui sawasawa, masizi yanajaa kwenye vali na eksozi, na kuta za silinda zinang'ara mpaka pete zinashindwa kuzuia oili. Baada ya muda inatoa moshi na kula oili, na fundi atakwambia imezeeka kumbe imezembea. Tafuta ya farasi 80 au karibu na hapo, isiyo na taba (turbo), pampu yake ya mafuta iwe ya kimakanika, isiyotegemea kompyuta. Zile za ukoo wa Perkins zilizorekebishwa kwa bahari zina sifa moja kubwa kwetu: fundi aliyeshika trekta za Massey Ferguson anazijua tumbo lake. Gia ya kupunguza mizunguko iwe 3 kwa 1, na rafadha iwe kubwa kadiri nafasi inavyoruhusu, kama inchi 28, na kati ya ncha ya panga na mwili wa boti uache nafasi isiyopungua asilimia 15 ya kipenyo chake, la sivyo kila panga likipita utasikia kishindo kitandani.

Injini moja au mbili? Moja, katikati, rafadha ikiwa nyuma ya mkuku (uti wa chini wa boti) mrefu unaoikinga na miamba na nyavu. Watu wa bandarini hawapendi jibu hili kwa sababu wamezoea mbili. Kwa akiba weka injini ndogo ya farasi 20 pembeni, yenye shafti yake na tangi lake dogo lisilochangia mafuta na kubwa. Dizeli chafu ikiziba kubwa, hutaki uchafu ule ule uende kwa ndogo.

Na dizeli chafu utaipata, maana pwani yetu hii maji ndani ya pipa ni jambo la kawaida na kuchanganya na mafuta ya taa si habari ya leo. Lita 2,600 ni tani 2.2, uzito ambao utaisha njiani, kwa hiyo matangi yawe katikati ya boti na chini, siyo nyuma. Yakiwa tezini, utaondoka umekalia matako na utarudi omo likichimba. Gawanya matangi manne, membamba, yenye kuta za ndani za kuvunja mchapo wa mafuta, kila moja likiwa na kikombe chini cha kukusanya maji na koki ya kuyatoa. Halafu weka tangi la siku, lita 150, juu kidogo ya injini, mafuta yateremke yenyewe. Hilo ndilo kipimo chako pia: lita 150 zinakupa kama saa 21, na kila unapolijaza unajua boti imekula nini tangu jana.

Sasa ghorofa. Hapa ndipo boti nyingi za sura ya tagi huharibika, kwa sababu mchoro wa ubavuni hufurahisha macho na hausemi uzito uko wapi. Tufanye hesabu ya bati. Chuma cha milimita 4 kina kilo 31 kwa kila mita ya mraba. Nyumba yako ya chini peke yake ina kama mita 25 za mraba za kuta na paa, kwa hiyo ni karibu kilo 790 za chuma zilizosimama juu ya sitaha. Plaiwudi ya baharini ya milimita 18, iliyofunikwa faiba, haifiki nusu ya hapo. Aluminiamu ni nyepesi pia, lakini kuichomelea vizuri na kuiunganisha na chuma bila kutu ya umeme ni kazi ya watu wachache. Plaiwudi, maseremala tunao. Chukua kilo ulizookoa juu, na uongeze tani moja na nusu ya farumi (uzito wa kutuliza boti) mkukuni, imwagiwe saruji au ifungwe isisogee hata boti ikilala ubavu.

Wageni wako wa jioni nao wana uzito. Sita wa kilo 75 ni kilo 450. Ukiwapandisha paani, mita tatu na nusu juu ya kitovu cha uzito wa boti, kitovu hicho kinapanda karibu sentimita 10. Wote wakikimbilia upande mmoja kuangalia pomboo, boti inainama kama digrii 3 na nusu na kubaki hapo. Gatini watacheka. Nje ya mwamba, wimbi likija upande ule ule, sipendi kufikiria. Paa lako libaki la sola na la kukinga jua, ngazi isiwepo.

Usinikubalie kwa maneno. Siku boti inaposhushwa majini, kabla ya kulipa fungu la mwisho, fanyeni jaribio la kuinamisha, tena mchana wa maji mafu, hakuna upepo, kamba zote zimelegea. Ning'iniza timazi ndani ya chumba, uzi wa mita 2, na chuma chake kizame kwenye ndoo ya oili chakavu ili kisiyumbeyumbe. Weka rula mlalo mbele ya uzi. Chukua kilo 100 za mifuko ya mchanga zikiwa upande mmoja wa sitaha, soma rula, kisha zihamishe mita 3 kwenda upande wa pili, subiri, soma tena. Tuseme uzi umesogea sentimita 5. Hesabu yake: kilo 100 mara mita 3, gawanya kwa kilo 16,000, unapata 0.01875. Mwinamo wa uzi ni 5 kwa 200, yaani 0.025. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: 0.75. Hizo sentimita 75 ndizo akiba ya boti yako ya kujisimamisha inapoanza kulala. Uzi ukisogea sentimita 8, akiba imeshuka hadi 47, na hapo uzito wa juu umezidi, rudini kwa fundi. Ukisogea 3 tu, boti ni ngumu mno, itarudi kwa mpigo mpaka vikombe viruke. Mchora ramani atakufanyia hesabu kamili ya kulala kwa digrii kubwa, na mkaguzi wa KMA (Kenya Maritime Authority) atataka kuiona, lakini jaribio hili utaliona kwa macho yako.

Pana njia ya haraka zaidi. Itikiseni boti gatini kwa miguu mpaka iyumbe, halafu hesabu sekunde za kwenda na kurudi mara moja. Kwa boti ya upana wa mita 4.2, sekunde 4 au zaidi kidogo ni tabia njema. Ikichukua 6 inachelewa kurudi, na boti inayochelewa kurudi siku moja inaweza isirudi.

Tumefika kwa mama na kigegezi chake. Boti ya injini isiyo na tanga huenda mrama, yaani huyumba ubavu kwa ubavu, kuliko jahazi, hilo halikwepeki, maana hakuna upepo wa kuishika. Nakushauri mambo mawili, yote ya chuma na yasiyotaka umeme. La kwanza ni vikuku (mikuku midogo) viwili vya pembeni, virefu, kwenye kona za chini ya mwili. Vinapunguza mrama, na faida ya pili utaipenda zaidi: bamvua Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo unaweza kuikalisha boti mchangani ikasimama wima bila magadi (miti ya kuiegemeza), ukasugua na kupaka rangi chini maji yakirudi. La pili ni mikono miwili ya bomba inayofunguka ubavuni, kila mmoja ukining'iniza bawa zito la bati mita nne au tano chini ya maji. Boti ikitaka kulala, bawa la upande unaopanda linakataa kuinuka. Utapoteza kama nusu noti, na hiyo iingize kwenye hesabu ya akiba. Hivi vifaa vya kisasa vya kuzungusha gurudumu ndani ya boksi hufanya kazi nzuri sana, ila vinataka jenereta muda wote na mtaalamu wake hayupo Moroni.

Mpangilio wa ndani pia una sehemu yake. Kitanda, jiko na kiti cha mama viwe karibu na katikati ya boti, chini. Chumba cha kulala cha omoni, kama ulivyochora, ni kizuri mkiwa mmetia nanga Kilifi. Njiani hakilaliki.

Chuma ninakichagua kwa sababu Mombasa ina wachomeleaji waliokulia kwenye meli, na kwa sababu ukigonga mwamba wa Pemba chuma hubonyea kabla ya kutoboka. Milimita 5 chini, 4 ubavuni. Adui wake yuko ndani: maji ya ngama (yanayotuama chini kabisa ya boti) na jasho nyuma ya mbao za ukutani. Kila pembe ifikike kwa mkono na brashi, na mashimo ya kupitisha maji kati ya mataruma (mbavu za boti) yasizibwe na fundi mwenye haraka. Mbao ningezipenda kama ungekuwa na fundi wa Lamu nyumbani na subira ya kalafati (kuziba nyufa za mbao) kila mwaka. Faiba ni ya kiwanda chenye kalibu.

Dohani, bomba la moshi, uliyoichora kama pambo, mimi nitaitia kazi. Poza injini kwa mabomba yaliyo nje ya mwili, chini ya maji, maji ya injini yenyewe yazunguke humo bila kuingiza maji ya chumvi, na eksozi kavu ipande ndani ya dohani. Hutakuwa na chujio la kuzibwa na majani wala plastiki. Lakini bahari yetu ina joto la nyuzi 25 hadi 30, kwa hiyo mabomba hayo yawe marefu kuliko jedwali la Ulaya linavyosema, na eksozi ifungwe vizuri kwa kinga ya moto na hewa nyingi iingie chumba cha injini, ama sivyo nyumba yote itakuwa tanuri.

Bado milango. Sitaha ya nyuma iliyo chini ni raha ya kuvulia samaki na kupanda dingi, ila mita 3 kwa 3 na nusu zikijaa maji ya sentimita 30 ni tani 3 zimekukalia tezini. Ukingo utobolewe matundu makubwa ya kutolea maji, yasiyozibwa kamwe kwa godoro wala mtungi. Mlango wa kuingilia ndani uwe karibu na katikati, kizingiti kisipungue sentimita 30, na mlango wa chumba cha injini usifungukie sitahani kabisa. Najua Mombasa joto lilivyo, mlango utaachwa wazi. Tagi nyingi zimezama hivyo hivyo, maji yakiingia kwa mlango uliofunguliwa kutafuta upepo. Wewe weka bomba za hewa juu, karibu na dohani, ili mtu asipate sababu.

Ukishaishusha, mwaka wa kwanza ni wa Shimoni, Mkoani ya Pemba na Unguja. Kila safari andika noti, saa, lita zilizoingia tangi la siku na upepo ulivyokuwa, ukiwa na chini safi na pia ukiwa chini pameota majani na makombe. Kisha nenda Moroni. Wastani wako kwa noti 6.5 ukibaki lita 1.1 kwa maili, au hata 1.2, Mahé iko ndani ya matangi yako kwenda na kurudi. Ukifika 1.4, lita 2,600 zitakwisha kabla hujaiona Mombasa, kwa hiyo shuka hadi noti 6 na upime upya, au panga kununua mafuta kulekule kabla hujang'oa nanga.